Kuruka kwa Magurudumu

Ukitaka kumjua mtu vizuri, usimuulize jirani yake wala mkewe. Mpe safari ya kazini, umwambie ofisi italipa, kisha subiri arudi na madai yake. Hapo ndipo utakapojua kwamba yule bwana mpole, ambaye kwake hula kipande cha mkate na maji, akitoka nje ya mji hula kama anayetayarishwa kuchinjwa. Utajua pia kwamba kuna watu wakilala hotelini usiku mmoja hufuliwa nguo za mwezi mzima, na mapazia ya sebuleni kwao humo humo.

Haya yote aliyajua mhasibu wa madai wa kampuni moja iliyouza matangi ya maji na mabomba. Alikuwa binti mrefu mwenye miwani na ulimi, na ofisini walimwita Bi Mkasi, kwa sababu hakuna dai lililopita mezani kwake likatoka na urefu wake wa mwanzo. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Humo mlikuwa na feni, kabati la chuma lisilofunga mpaka ulipige kwa goti, na kidirisha cha kupokelea karatasi ambacho alikifungua anapotaka yeye. Wakubwa kwa wadogo walipanga foleni hapo nje, na yeye aliwasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama daktari anayemsikiliza mlevi akiapa kwamba ameacha pombe.

"Teksi kutoka hotelini mpaka hotelini?" alimuuliza siku moja mkuu wa ghala.

"Nilisahau miwani, nikarudi kuichukua."

"Mzee wangu, wewe huvai miwani."

"Ndiyo maana sikuiona."

Bi Mkasi hakucheka. Alipitisha kalamu nyekundu juu ya ile teksi, akamrudishia karatasi yake, akamwita aliyefuata. Jioni alimsimulia dada yake kisa hicho, hapo ndipo akacheka mpaka akashika ubavu. Aliwadharau wote, na hakuona haya kusema hivyo. Watu wazima wenye magari na vitambi, alisema, wanagombania sahani ya chakula kama kuku.

Kitu kimoja tu kilimlainisha moyo, nacho ni risiti ya kodi. Msafiri akinunua tiketi ya ndege na kupewa risiti ya kodi yenye jina la kampuni na namba yake ya mlipa kodi, kodi iliyomo hupunguzwa kwenye ile ambayo kampuni inadaiwa na serikali. Dai la ndege lenye risiti ya namna hiyo aliligonga muhuri bila neno. Na watu waliokuwa hodari kuliko wote kwa risiti safi za ndege walikuwa wakuu wa idara, wote sita. Kwenye chakula walikuwa waongo, kwenye teksi walikuwa waongo, lakini ndege zao, alipenda kusema, zimenyooka. Maskini binti wa watu. Laiti angejiuliza kwa nini mwongo wa sahani awe mkweli wa ndege.

Mmoja wa hao sita alikuwa shemeji yake. Wazazi wa Bi Mkasi walifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, na dada yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa, alikwenda kwa mumewe na mdogo wake mkononi. Yule bwana hakulalamika. Alimpa chumba cha uani, akamnunulia viatu vya shule, akamsomesha mpaka chuo kikuu, na mpaka leo binti alikuwa akiishi katika chumba kile kile, akichangia umeme na sabuni. Shemeji huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa mauzo. Ofisini walimwita Rubani, kwa sababu alikuwa safarini kila mara na hakuna aliyejua kusimulia ndege kama yeye. Aliweza kukueleza ilivyotikisika, abiria walivyoomba dua kila mmoja kwa dini yake, na yeye alivyokaa dirishani akisoma gazeti kana kwamba yuko kibarazani kwake.

Kazini Bi Mkasi hakumpendelea. Alimkata chakula chake kama alivyowakata wengine, na Rubani alinuna siku moja, ya pili akasahau. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa. Kila akirudi safari alikuja na gunia la vitunguu na jingine la mkaa, akavua viatu, akaloweka miguu iliyovimba kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Vitunguu umevipata wapi, shemeji, na wewe umekuja na ndege?"

"Lori la tawi limeniletea."

"Na miguu?"

"Ni hewa ya kule juu, mdogo wangu. Wewe hujawahi kupanda, huwezi kuelewa."

Na yeye, mwenye digrii ya hesabu na macho manne, alielewa. Mtu aliyekuvalisha viatu vya kwanza vya shule humkagui. Unampokea gunia, unampelekea taulo.

Mwaka ule kampuni ilipata mkurugenzi mpya. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, mkoba wake anaubeba mwenyewe, kwa hiyo wakuu wa idara waliamua siku ya kwanza tu kwamba hana lolote. Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa ufanyike kwenye tawi kubwa, katika mji wa mbali. Kwa barabara ni mwendo wa kutwa nzima, kwa ndege hata chai huimalizi. Wakuu wa idara, kwa taratibu za kampuni, husafiri kwa ndege. Mkurugenzi alisema yeye atatangulia kwa gari. Lakini asubuhi ya safari gari likagoma, naye bila kumwambia mtu akajinunulia tiketi ya ndege ile ile ya adhuhuri ambayo wakuu wake wote sita walikuwa nayo.

Mchana huo Bi Mkasi alikuwa anafungua kopo lake la chakula aliposikia mlango unagongwa. Alikuwa mkurugenzi, mkoba begani, shati limelowa jasho.

"Naweza kukaa?"

"Karibu, bosi. Si ulikuwa safarini?"

"Ndege imeharibika. Wameifungua tumbo, mafundi wamejaa chini yake. Wametutumia abiria wote ujumbe kwamba hairuki mpaka kesho." Akajipepea kwa gazeti. "Kinachonitia wasiwasi ni wenzetu. Nimezunguka uwanja mzima, sijamwona hata mmoja wao. Isije ikawa wamepata ajali wakiwa njiani kuja. Hebu mpigie mmoja, uweke sauti kubwa tusikie wote."

Alimpigia aliyekuwa na namba yake kichwani. Simu haikuita sana.

"Eee, mdogo wangu!" Sauti ya Rubani ilikuwa imechangamka. "Sema haraka, tumeshapanda."

"Mmeshapanda?"

"Tumo ndani. Mhudumu anapita hapa, anatuambia tufunge mikanda."

Na kweli mhudumu alikuwa anapita. Sauti yake ilijaa chumba kizima. "Mayai ya kuchemsha! Mayai na chumvi! Karanga, maji baridi!" Nyuma yake mwingine akapiga kelele kwamba wanaokwenda chooni waende sasa, basi halimsubiri mtu.

"Shemeji, hiyo sauti ya nani?"

"Ipi? Aa, hiyo. Wanagawa vitafunio. Siku hizi huduma wameiboresha sana. Haya, nazima simu, rubani hapendi. Tutaongea tukitua."

Simu ikakatika. Kicheko kilimpanda Bi Mkasi kutoka tumboni, kikafika kooni, kikakutana na uso wa mkurugenzi, kikarudi kilikotoka. Badala yake masikio yakamwaka moto. Alielewa yote kwa mara moja, tena kwa urahisi wa kutia aibu. Walinunua tiketi kwa wakala wa pale mtaani, wakachukua risiti ya kodi, halafu kabla ya siku ya safari wakaifuta tiketi na kurudishiwa nauli, wakala akijikatia chake. Risiti ikaja kwake, yeye akagonga muhuri, kampuni ikalipa. Wao wakapanda basi. Na kwa kuwa tiketi zao zilikuwa zimeshafutwa, ule ujumbe wa ndege kuharibika ulimfikia kila abiria isipokuwa wao. Mji mzima, watu pekee waliokuwa angani ndani ya ndege isiyoruka walikuwa wakuu wa idara wa kampuni ya matangi.

Akakumbuka pia neno alilolisikia mara nyingi kwenye korido, "kuruka kwa magurudumu", na vicheko vilivyolifuata. Alidhani ni utani wao juu ya madereva wa kampuni. Kumbe mchezo una mpaka jina, na kila mtu analijua isipokuwa Bi Mkasi, mkali wa risiti.

Mkurugenzi alilikunja gazeti lake. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ndogo:

"Maneno ya simu yanakanushika. Dai lenye sahihi halikanushiki. Waache walete madai yao. Atakayedai nauli ya ndege hii, namfukuza siku hiyo hiyo. Asiyedai, nitasema ana aibu kidogo, nitambakiza. Haya tunayajua wawili tu, mimi na wewe. Yakivuja, atakayeondoka ni aliyeyavujisha."

"Bosi, mmoja wao ni shemeji yangu. Naishi kwake."

"Najua. Najua pia kwamba unamkata chakula chake kama wengine."

Maneno hayo yalimvimbisha kichwa. Aliahidi. Mkurugenzi akatafuta gari la kukodi, akaondoka na mkoba wake, na Bi Mkasi alibaki anawasubiri wale sita kama paka mlangoni pa ghala. Aliporudi kutoka mkutanoni bosi alipita kidogo tu kwenye kidirisha kumpa habari. Aliwaambia wakuu wake kwamba amecheleweshwa na shughuli, nao wakamsikitikia. Mkuu wa ghala alisema walidhani huenda akabadili mawazo, wakamshikia kiti ndani ya ndege mpaka mlango unafungwa. Aliongeza kwamba anga lilikuwa safi.

Rubani alirudi nyumbani Jumamosi na vitunguu vyake. Watoto wakamzunguka, miguu ikaingia kwenye beseni, na hadithi ikaanza: ndege ilivyotumbukia kwenye shimo la hewa, mtu wa jirani yake alivyomshika mkono kama mtoto. Bi Mkasi alikaa kochini akiiangalia ile miguu. Ilikuwa miguu ya mtu aliyekaa kutwa nzima magoti yamegusa kidevu, haikuhitaji daktari kuisoma. Dharau ilimjaa. Akainuka, akamfuata dada yake jikoni.

"Dada, mumeo amepanda ndege lini mara ya mwisho?"

Dada alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua kichwa. "Hajawahi."

"Hajawahi kabisa?"

"Anaogopa hata kupanda kiti abadilishe taa. Wewe ulidhani vitunguu vinalimwa mawinguni?"

"Na wewe miaka yote hii unajua, umenyamaza?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ni mkewe."

"Huo ni wizi, dada. Sema ni wizi."

Dada akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mpole, lakini alipomtazama mdogo wake siku hiyo upole haukuwepo. "Haya, ni wizi. Chuo chako alikilipia nani?"

"Shemeji."

"Kwa mshahara upi? Mshahara unalipa nyumba na chakula, mwezi ukifika katikati tunatazamana. Kila muhula wako ni ndege mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mtu mwenye mgongo mbovu, anatoka pale uvundo wa basi umemganda, anaweka pesa mezani anasema hii ya mdogo wetu. Hiyo miwani uliyovaa ni ndege moja, tena ya kwenda tu."

Bi Mkasi alishika miwani yake bila kujijua. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watu kwamba mkono wake haujawahi kugusa hata senti ya wizi. Sasa alisimama jikoni kwa dada yake, na kila alichokuwa nacho, toka herufi alizojua mpaka kioo alichozitazamia, kilikuwa kimetoka kwenye viti vya ndege vilivyokaa vitupu. Nyani haoni kundule. Alitamani kukasirika, hasira ikakosa pa kusimama.

Akamweleza dada mtego wa mkurugenzi. Dada alimshika mikono yote miwili kwa mikono yake inayonuka vitunguu.

"Mwambie."

"Nimeahidi, dada. Nitapoteza kazi."

"Mwambie yeye peke yake asilete dai, basi. Kumwambia mtu asiibe, nako ni kosa? Nina watoto watatu, mdogo wangu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Na ilikuwa kweli, hajawahi. Bi Mkasi akarudi sebuleni, akawafukuza watoto wakacheze nje, akakaa mbele ya beseni. Alimweleza shemeji yake kila kitu, kuanzia ndege iliyofunguliwa tumbo mpaka muuza mayai. Rubani alibadilika rangi. Maji ya beseni yakamwagika.

"Usidai nauli ile," Bi Mkasi alisema. "Wengine waache walete zao. Mkinyamaza wote, bosi atajua ni mimi. Umenisikia, shemeji? Wewe peke yako."

"Mdogo wangu, mimi ni kaburi."

Kaburi! Kuna watu kuwapa siri ni sawa na kumpa mtoto pipi umwambie aitazame tu. Rubani alikaa na ile siri Jumamosi yote, akaona inaharibika bure. Mtu unaokoka peke yako, nani atakushukuru? Jumapili alimpigia mkuu wa ghala, kwa sababu walikaa kiti kimoja kwenye basi. Mkuu wa ghala naye alikuwa na rafiki. Kufika Jumatatu asubuhi hakuna kati ya wale sita ambaye hakujua, na wote walimwita Rubani ndugu, na mmoja alimnunulia chai.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea madai ya safari ile. Bi Mkasi alifungua kidirisha mapema. Walikuja madereva, wakaja mafundi wa mabomba na visafari vyao vya hapa na pale, akawapokea bila hata kuwakata. Wale sita hakutokea hata mmoja. Hawakudai ndege, hawakudai teksi, hawakudai chakula. Mkuu wa ghala, mtu anayeweza kudai nauli ya kivuli chake, alipita kwenye korido akimwamkia kwa heshima ambayo hajawahi kuwa nayo. Bi Mkasi alifunga kidirisha. Alijua kwamba amekwisha, na alijua nani amemmaliza.

Mchana wakaenda kwa mkurugenzi kwa kundi, wenyewe, bila kuitwa. Mbele yao alitangulia mkuu wa utumishi, anayejua kusema. Akaeleza kwamba wao, kwa uchungu walio nao na kampuni hii, walikaa wakaona gharama zimezidi, wakaamua kuacha ndege na kujitolea kwenda kwa basi kwa pesa zao. Na hawataki asante, maana mtu haombi asante kwa kuipenda kazi yake.

Bi Mkasi akaitwa. Wote sita walikuwa wamezunguka ile meza ndefu ya mikutano, chupa za maji mbele yao, nyuso zao kama za watoto waliooga. Mkurugenzi alikuwa anakunjakunja kipande cha karatasi.

"Jumanne mlikuwa angani," alisema. "Mlifunga mikanda, mlipewa vitafunio, mlinishikia kiti. Leo mlikuwa kwenye basi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani amewashusha?"

Mtu mmoja akafungua chupa ya maji, mlio wake ukasikika chumba kizima. Bi Mkasi alimtazama shemeji yake. Hakutaka mengi. Alitaka aseme kwamba alijishtukia mwenyewe, au kwamba amesikia uwanjani ndege imeharibika, au uongo wowote ule, yeye bingwa wa uongo, amtolee uongo mmoja tu wa bure.

Rubani akakohoa.

"Bosi, mimi siwezi kusema uongo," alisema. "Ni binti huyu. Alinifuata nyumbani akaniambia. Nilimkemea. Nilimwambia, mwanangu, siri ya kazi ni amana. Imeniuma sana, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea." Na sauti ikamtetemeka mwishoni, kama kweli imemuuma. Mkuu wa utumishi akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ni kweli?" mkurugenzi akamuuliza Bi Mkasi.

"Nilimwambia. Ni kweli."

"Una la kuongeza?"

Alikuwa nalo, tena la kujaza meza. Angeweza kusema, muulizeni wakala wa tiketi. Angeweza kusema, fungueni kabati langu la chuma, chukueni kila ndege niliyoigonga muhuri tangu nimefika hapa, nami nitawaonyesha vitunguu vyake. Alimtazama Rubani. Rubani alikuwa anakagua kucha zake, ametulia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko usaliti wenyewe: hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa ameshapiga hesabu kabla hajakohoa, akaweka ada, akaweka viatu na miwani, akaweka dada na watoto watatu, akapata jibu kwamba binti atanyamaza. Na hesabu yake haikuwa na kosa.

"Sina, bosi."

Mkurugenzi akamtazama kwa muda. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Nilikuwa nifukuze sita nibaki na mmoja," alisema. "Umenifanya nimfukuze mmoja nibaki na sita. Muhuri uache mezani."

Wale sita waliinuka, wakatoka mmoja mmoja. Mkuu wa ghala alimpa pole.

Jioni Rubani alifika nyumbani na kilo mbili za nyama, jambo lisilo la kawaida kwa Jumatatu. Aliiweka mezani, akavuta kiti mbele ya Bi Mkasi, akakaa kama mtu aliyekuja kumliwaza mfiwa.

"Mdogo wangu, usininunie. Wewe ni mtu wa hesabu, fikiri kihesabu. Nyumba hii ina mishahara miwili, na mmoja ilikuwa lazima uondoke. Wangu ni mkubwa. Ningejitaja mimi, watoto hawa wangekula nini? Hesabu gani hiyo ya kukushinda?" Akaongeza, kwa upole zaidi, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Chumba chako kipo, chakula kipo. Nitakutafutia kazi, nafahamiana na watu."

Bi Mkasi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Alitaka kumwona vizuri.

"Shemeji, ulinilea na ukanisomesha. Sikatai, na sitalikataa hilo mbele ya mtu yeyote. Lakini leo kwenye ile meza nimekulipa, muhula kwa muhula, mpaka viatu. Hatudaiani tena. Kesho nahama."

"Maneno gani hayo? Sisi ni ndugu. Ndugu wanadaiana?"

"Ndivyo nilivyodhani na mimi. Kumbe mwenzangu ulikuwa unaweka hesabu."

Rubani alicheka, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Nyuma yao alikuwepo dada, ametoka jikoni, mikono ameiviringisha kwenye kanga.

"Na mimi?" dada aliuliza. "Mimi ndiye niliyekutuma, mdogo wangu. Mimi utanifanyaje?"

Bi Mkasi alitafuta neno kali, kama alivyozoea, akalikosa. Alikuwa amebakiwa na huruma tu, na hiyo ilimkaa vibaya mdomoni.

"Wewe sikufanyi kitu, dada," alisema. "Mimi nimemaliza. Wewe ndiye utakayebaki naye."

Dada alimtazama mumewe, akaitazama nyama pale mezani ikivuja damu kwenye karatasi. Kisha akaichukua, akaingia nayo jikoni, kwa sababu watoto walikuwa hawajala.